Twende na bibi kwenye maonyesho ya Misri ya kale?

SWALI: Tunaishi Texas. Maonyesho ya Misri ya kale, yale yanayohamahama toka mji hadi mji, yanakuja kwetu. Mwanangu wa miaka 9 hasikii la mtu, anataka kwenda. Mkubwa ana miaka 13, mdogo 5. Mume wangu anasema tutatoa hela nyingi kwenda kuonyeshwa vitu vya plastiki. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, anasema si adabu kwenda kukodolea macho maiti za watu, tena na mtoto mdogo. Na papo hapo anauliza kama huyo ndiye Firauni wa Nabii Musa. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, nendeni, ila usinunue tiketi leo. Kuna simu moja ya kupiga kwanza. Halafu kuna mtu mmoja humo nyumbani ambaye akikubali kwenda mambo yenu yatanyooka, naye ni huyo huyo anayekataa. Nitamfikia. Wacha nianze na mwenye pochi.

Shemeji ana haki ya kutia shaka, kwa sababu chini ya jina moja la "Misri ya kale" siku hizi zinauzwa tiketi za mambo matatu yasiyofanana. Kuna maonyesho ya vitu halisi, vilivyoazimwa kutoka Cairo, Turin au London. Kuna ya nakala, zilizotengenezwa na mafundi wa leo kwa kufuata vipimo vya vitu vya asili. Na kuna ya mwanga tu: unaingia ukumbi mtupu, kuta zinamulikwa picha zinazotembea, muziki unavuma, unatoka hujaona hata kigae.

Dawa ni kusoma tangazo mpaka chini kabisa, mahali wanapotajwa wenye mali. Maonyesho ya Ramses II, mfalme wa Misri ya kale, yaliyoanzia Houston mwaka 2021, kisha yakaenda San Francisco, Paris, Sydney na Cologne, yalibeba vitu halisi vipatavyo 180 vilivyoazimwa na serikali ya Misri. Yale ya Malkia Nefertari, yaliyopita Kansas City na Fort Worth huko huko Texas kwenu, yalitoka Museo Egizio, makumbusho ya Misri ya mji wa Turin, Italia, ambako kuna moja ya hazina kubwa kabisa za Misri nje ya Misri yenyewe. Tangazo likijaa maneno matamu ya "safari ya ajabu" bila kutaja hata makumbusho moja iliyoazima, basi shemeji kashinda.

Kuna kipimo kingine cha haraka. Ukiona kwenye bango ile barakoa ya dhahabu ya mfalme Tutankhamun yenye michirizi ya buluu, ujue ni nakala, au ni picha ya kuvutia watu tu. Barakoa yenyewe, kilo 10 na ushee za dhahabu, ilisafiri zamani: mwaka 1972 ilikuwa London, watu zaidi ya milioni 1.6 wakapanga foleni kuiona, na kuanzia 1976 ikazunguka Marekani. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 haijatoka Misri. Mwaka 2005, maonyesho ya Tutankhamun yaliyoanzia Los Angeles yalijaza mji mabango yenye sura ya dhahabu inayofanana nayo sana. Ilikuwa sura ya kijeneza kidogo cha kuhifadhia viungo vya ndani vya mfalme, urefu wake kama sentimita 40. Watu waliingia wakitafuta barakoa, wakakuta kitu cha kubeba kwapani. Kijeneza kile ni cha ajabu kwa ufundi wake, lakini mtu aliyeahidiwa kingine hakioni uzuri.

Hata hivyo nisimkweze shemeji kupita kiasi. Nakala zikitangazwa kuwa nakala si wizi. Yapo maonyesho ya nakala za Tutankhamun yanayozunguka tangu 2008, ambayo yanapanga vyumba vya kaburi kama mchimbuaji Mwingereza Howard Carter alivyovikuta Novemba 1922: magari ya farasi yamevunjwavunjwa, vitanda vimerundikwa, masanduku juu ya masanduku. Hicho hukioni kwenye maonyesho ya vitu halisi, ambako kila kitu kimekaa peke yake ndani ya kioo. Kwa mtoto wa miaka 5, mrundikano ule una maana kuliko pete 1 halisi. Ninachokikataa ni kulipa bei ya vitu halisi kwa nakala, na kwa hayo ya mwanga mtupu mimi singetoa hata senti. Televisheni mnayo nyumbani.

Kuhusu hela, mambo mawili tu. Maonyesho haya karibu yote yana tiketi yake mbali na kiingilio cha kawaida cha makumbusho, na huuzwa kwa saa maalumu. Piga hesabu ya kadi ya uanachama wa familia kwa mwaka, maana kwa watu sita wakati mwingine inashuka chini ya tiketi sita. Na kama mna kadi ya msaada wa chakula, ule mpango wa Museums for All unashusha sana kiingilio katika makumbusho mengi ya Marekani, ila ulizia kama unagusa maonyesho maalumu, kwa sababu mara nyingi haugusi.

Sasa mama mkwe. Mfikishie shikamoo yangu, na umwambie hoja yake si ya kizamani. Wataalamu wenyewe wanabishana juu ya jambo hilo hilo. Baadhi ya makumbusho ya Uingereza yamebadilisha maandishi kwenye vioo ili mtazamaji akumbuke kwamba mbele yake amelala mtu aliyekuwa na jina na wazazi. Kwingine maiti zimeondolewa ukumbini kabisa, au zimewekwa chumba cha pembeni chenye tangazo mlangoni, anayetaka aingie, asiyetaka apite.

Ndiyo maana nikasema kuna simu ya kupiga. Uliza hivi: kuna miili ya watu? Iko chumba gani? Naweza kupita bila kuiona? Watakujibu bila kukushangaa, wanaulizwa kila siku. Usidhani jeneza maana yake kuna maiti ndani. Jeneza la Ramses II lilionyeshwa Paris mwaka 2023 na baadaye Sydney, nalo lilikuwa tupu. Mwili wake uko Cairo, katika Makumbusho ya Taifa ya Ustaarabu wa Misri, ulikohamishiwa Aprili 2021 pamoja na wafalme na malkia wengine 21 kwa msafara wa usiku barabarani, askari na mizinga. Kwa upande mwingine, maonyesho ya Nefertari ambayo jina lake halitishi mtu yalikuwa na kipande cha mwili: magoti mawili yaliyokaushwa, yaliyookotwa kaburini mwake mwaka 1904 baada ya wezi wa kale kupita, na ambayo wachunguzi wanaona yaelekea ni ya malkia mwenyewe. Kwa hiyo usihukumu kwa bango. Uliza.

Jeneza hilo la Ramses lina habari ambayo nadhani itamgusa mama. Ni la mti wa mwerezi, halina dhahabu, na halikutengenezwa kwa ajili yake. Makaburi ya wafalme yalipoanza kuvunjwa na wezi, makuhani walimtoa Ramses kaburini, wakamhamishia kaburi la baba yake Seti I, kisha baadaye wakamficha na wenzake katika shimo la mlimani huko Deir el-Bahari, alikokaa mpaka 1881. Kila walipomhamisha waliandika kwa wino kifuani pa jeneza: nani ametoa amri, mwaka gani, mwezi gani, ametolewa wapi amepelekwa wapi. Mistari hiyo inaonekana mpaka leo kwa macho, kama hati ya mwandiko wa haraka. Nadhani waliokuwa wakimbeba nao walikuwa wakiona haya kumsumbua marehemu.

Je, ndiye Firauni wa Musa? Mjibu kwa upole lakini mjibu kweli: Kurani haimtaji Firauni huyo kwa jina lake, na Biblia pia haimtaji. Kitabu cha Kutoka kinautaja mji wa Ramesesi waliojengeshwa Waisraeli, ndiyo sababu wengi humnyooshea kidole Ramses II, aliyetawala miaka 66, kuanzia 1279 hadi 1213 kabla ya Kristo. Wengine humtaja mwanawe Merneptah, ambaye jiwe lake la ushindi, la takriban 1208, ndilo andiko la Misri linalotaja jina la Israeli. Hakuna andiko la Kimisri linalosimulia kisa cha Musa. Video zinazotumwa WhatsApp kwamba madaktari wamepima mwili wa Ramses wakathibitisha kuwa alizama baharini, mama asizishikilie. Mwili ule ni wa mzee wa karibu miaka 90, meno mabovu, viungo vimekakamaa. Imani yake haihitaji cheti cha daktari, na nadhani yeye mwenyewe atakwambia hivyo.

Kwa kuwa tumetaja WhatsApp: ile picha ya pasipoti ya Ramses, yenye uso wa maiti na kazi "mfalme", imechorwa miaka hii. Kilicho kweli ni kwamba mwaka 1976 alipelekwa Ufaransa kutibiwa kuvu iliyokuwa ikimla, akapokewa uwanja wa ndege kwa heshima za kijeshi, akapigwa mionzi ya gama, na mwaka uliofuata akarudi kwao. Mkubwa wako wa miaka 13 huenda ameshaiona picha hiyo. Mwache yeye awaeleze wengine.

Nirudi kwa bibi, maana nilisema yeye ndiye ufunguo. Watu hukimbilia dhahabu. Dhahabu inachosha upesi: chumba cha pili watoto hawaitazami tena. Vinavyobaki kichwani ni vitu vya nyumbani, na vitu vya nyumbani vya Mmisri wa kale anavijua bibi wa Tanga kuliko mtembezaji yeyote wa makumbusho. Kwenye kioo kutakuwa na vichupa vya wanja na vijiti vyake vya kupakia. Kunaweza kuwa na kitanda cha miguu minne kilichosukwa kwa kamba. Kutakuwa na mabaki ya ubani na manemane, au picha za meli za Malkia Hatshepsut zikirudi na shehena hiyo kutoka nchi ya Punt, upande wetu huu wa Afrika, kusini ya Misri karibu na Bahari ya Shamu. Kutakuwa na vigoda vya mbao vya kuwekea kichwa usiku, kama vile Waturkana na Wapokoti walivyo navyo. Katika vitu vya Nefertari zilikuwamo ndala zilizosukwa kwa majani. Bibi aliyeshika ukili maisha yake yote ataziangalia kingo zake na kukwambia fundi alianzia wapi na kufungia wapi, jambo ambalo maandishi ya kwenye kioo hayasemi.

Na mpingo. Ule mti mweusi uliotumika kwenye viti, masanduku na vijiti vya wafalme wa Misri, ambao maandishi ya Kiingereza yatauita "ebony", mara nyingi ni mpingo huu huu wetu, mti ule ule wa Lindi na Mtwara. Wamisri hawakuwa nao. Uliletwa kutoka kusini, kwa biashara na kwa kodi waliyotozwa watu wa Nubia. Katika kaburi la Tutankhamun kulikuwa na kiti kidogo cha mtoto, cha mpingo kilichopambwa kwa pembe za ndovu, alichokalia kabla hajaota ndevu. Mwambie bibi kazi yake ni kutafuta mpingo kila chumba na kuwaonyesha wajukuu. Hapo hatakuwa mtu aliyeburutwa kwenda kuona maiti.

Watoto kila mmoja apewe lake. Wa miaka 5 ahesabu wanyama: paka, nyani, mwewe, mbweha, kiboko. Kati ya mitungi iliyohifadhi viungo vya ndani, wenye kichwa cha mbweha ulikuwa wa tumbo la marehemu, wa nyani ulikuwa wa mapafu, wa mwewe wa utumbo, na wenye kichwa cha mtu wa ini. Watoto wa umri huo hawaogopi kabisa habari za utumbo, sisi ndio tunaoogopa kuwaeleza. Kinachowatisha ni giza, kwa hiyo mwambie mapema: taa zitakuwa hafifu sana kwa sababu mwanga unaunguza rangi, nguo na karatasi za mafunjo. Mvalishe sweta pia, kumbi hizi zina baridi. Akichoka nusu saa tu, mmoja wenu atoke naye. Usiharibu siku ya watano kwa ajili ya mmoja.

Wa miaka 9 mpe vile visanamu vidogo vya buluu vilivyofumbata mikono. Waliamini kuwa hata ahera kuna kulima, na marehemu akiitwa shambani kisanamu ndicho kitakachoitika "mimi hapa" badala yake. Wengine walizikwa na 401: mmoja wa kila siku ya mwaka, yaani 365, na wanyapara 36 wa kuwasimamia. Mnyapara ana mjeledi mkononi, au sketi iliyochongoka mbele. Mwambie mwanao atafute wanyapara. Kama atauliza laana ya farao, mwambie Lord Carnarvon aliyelipia uchimbaji alikufa 1923 kwa kidonda cha kuumwa na mbu kilichoingia sumu, na Carter mwenyewe, aliyeshika kila kitu kwa mikono yake, aliishi mpaka 1939.

Wa miaka 13 ndiye mgumu, kwa hiyo mpeleke kwa wafanyakazi. Mafundi waliochonga makaburi ya wafalme waliishi kijiji cha Deir el-Medina, na kwa kuwa walikuwa wakiandika kwenye vipande vya mawe ya chokaa, tunajua umbea wao wote. Katika British Museum kuna jiwe la mwaka wa 40 wa Ramses II, daftari la mahudhurio: majina ya wafanyakazi 40, siku walizokosa kazi, na sababu kwa wino mwekundu juu. Mmoja ameumwa na nge. Mwingine anaumwa macho. Mwingine anapika pombe. Mwingine anamsitiri mama yake aliyefariki. Picha yake iko kwenye tovuti ya makumbusho hayo, mwonyeshe kabla hamjaenda, kisha kwenye maonyesho mtafute mawe ya namna hiyo. Huwa yamewekwa pembeni na hayana foleni. Mwambie pia kwamba mafundi hao hao, mwaka wa 29 wa Ramses III, ngano yao ya mshahara ilipochelewa waliweka patasi chini, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu wakisema wana njaa. Ndio mgomo wa kwanza wa wafanyakazi tunaoujua kwa maandishi, na karatasi yake iko Turin.

Mmojawapo atauliza pia kama hawa walikuwa weusi kama sisi. Usikwepe. Misri ni Afrika, na maji yaliyowalisha yalitoka milima ya Ethiopia na Ziwa Victoria. Watu wake walikuwa wa rangi nyingi, kama ilivyo leo ukishuka na mto kutoka Aswan hadi Alexandria. Ule wekundu wa wanaume na unjano wa wanawake kwenye picha za ukutani ni desturi ya wachoraji. Na kuanzia karne ya 8 kabla ya Kristo, wafalme wa Kushi, Sudan ya leo, waliitawala Misri kwa karibu miaka 100. Taharqa ndiye maarufu wao. Sudan ina piramidi zaidi ya 200. Maonyesho mengi huwapa Wakushi kioo kimoja karibu na mlango wa kutokea, kitu ambacho kinaniudhi kila nikikiona, kwa hiyo msipite mbio mwishoni.

Siku nzuri ni ya katikati ya wiki, tiketi ya kwanza asubuhi. Kama ni lazima Jumamosi, chukueni ya saa za mwisho. Mulizie bibi kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri, makumbusho mengi huazima bure, na madawati ya kukaa ndani huwa machache.

Mlango wa kutokea utawatupa dukani, hilo halikwepeki. Taja kiasi cha kila mtoto mkiwa bado nyumbani. Mimi ningewakataza yale mabao ya senet ya kwenye maboksi, kwa sababu mnaweza kulitengeneza wenyewe jioni ile ile. Senet ulikuwa mchezo wao wa barazani, kama bao kwetu, na Tutankhamun alizikwa na mabao yake kadhaa. Chora kwenye kadibodi safu 3 za miraba 10. Kila mchezaji awe na kete 5, zipangwe kwa kupishana kwenye miraba 10 ya kwanza. Pasua vijiti 2 katikati mpate vipande 4, kila kimoja upande bapa na upande wa mviringo. Rusheni, hesabuni vilivyoangukia ubapa juu, ndizo hatua. Vyote vikifunika ubapa, hatua 5. Kete hutembea safu ya kwanza kwenda, ya pili kurudi, ya tatu kwenda. Ukikuta kete ya mwenzio mnabadilishana nafasi. Mraba wa 27 ni maji: ukitumbukia unarudi wa 15. Kanuni za asili hazikuachwa kwa maandishi, hizi zimekisiwa na wataalamu kutokana na mabao na picha, hivyo bibi akitaka kuongeza za kwake asizuiwe. Anayetoa kete zake zote kwanza ndiye mshindi.